Maua yana sumu, maji yake hayana: kisa cha kikundi cha pareto Uporoto

## Kisa na sababu ya kukiandika

Kisa hiki kilitokea katika kijiji kimoja kwenye miinuko ya Uporoto, mkoani Mbeya. Majina ya kijiji, kikundi, shule na watu yameondolewa, na mambo madogo yanayoweza kumtambulisha mtu yamebadilishwa. Mimi nafundisha kemia sekondari. Nilihusika kwa sababu viongozi wa kikundi cha wakulima wa pareto, ua lenye sumu ya kuua wadudu, walikuja shuleni kuomba msaada: walishindwa kuitoa sumu hiyo kwenye maua.

Nimekiandika kwa walimu wenzangu, maafisa ugani na vikundi vya wakulima. Kilichowakwamisha watu hawa huwakwamisha pia watengenezaji wa losheni, wanaoloweka gundi ya nyuki ili wapate dawa, na wanaokamua harufu ya majani. Watu wa namna hii hubishana juu ya vipimo na muda wa kuchemsha, kumbe hawajajiuliza swali la kwanza: kitu ninachokitafuta, kinakubali kuyeyuka ndani ya kimiminika gani?

## Mandhari

Uporoto iko juu, sehemu nyingi zikivuka mita 2,000, na baridi yake inafaa viazi mviringo, kabichi, njegere na pareto. Pareto haitaki joto. Ndiyo maana hapa nchini imejikita Mbeya, Njombe na Iringa, na maua yake hukamuliwa kiwandani Mafinga. Mkulima huchuma ua likishafunguka, hulianika, kisha hulipeleka kwa mnunuzi, ambaye hutazama ukavu na kiwango cha sumu.

Sumu hiyo ni pairethrini, kundi la kemikali sita zinazokaribiana sana kwa umbo, zilizojikusanya zaidi kwenye vimbegu vya katikati ya ua. Katika maua makavu mazuri hufikia kati ya 1% na 2% ya uzito. Wanakemia Hermann Staudinger na Leopold Ružička walichapisha uchunguzi wao wa muundo wake mwaka 1924, na tangu hapo wanakemia wamekuwa wakizidi kuuelewa. Kwa mkulima inatosha kujua kwamba hushambulia mishipa ya fahamu ya mdudu: nzi akiipata huanguka chali na kutetemeka.

Msimu ule mvua za masika zilikuta maua ya kikundi yakiwa uani. Yalikaushwa tena, lakini mnunuzi aliyakataa. Yakawekwa maguniani, ndani, gizani. Kiangazi kilipofika, kabichi za bondeni zikavamiwa na wadudu mafuta. Mwenyekiti akatoa wazo ambalo mimi naliona lilikuwa zuri tangu mwanzo: tuna sumu ya wadudu ndani ya magunia, kwa nini tununue nyingine dukani?

## Mfululizo wa majaribio ya kikundi

Walianza kwa kuloweka. Kilo moja ya maua yaliyotwangwa iliingia kwenye ndoo ya lita 20 ya maji baridi, ikalala humo, asubuhi ikachujwa na kupulizwa. Maji yalitoka na rangi ya chai hafifu. Wadudu mafuta hawakutikisika.

Wakaamua kuchemsha. Rangi ikakolea ikawa kahawia, na harufu ikajaa jikoni. Hapo ndipo kikundi kilipopata imani, kwa sababu dawa ya mizizi waliyoizoea nyumbani huwa hivyo: ikikolea, imekubali. Wakapuliza, na wadudu wakabaki palepale. Wakaongeza maua maradufu, wakachemsha muda mrefu zaidi, na matokeo hayakubadilika.

Kijana mmoja akasema aliwahi kusikia kwamba pareto hutolewa kwa mafuta. Wakaloweka maua kwenye mafuta ya taa, wakachuja, wakamimina ndani ya bomba la mgongoni pamoja na maji na kutikisa. Mistari ya kwanza ya kabichi haikupata kitu chochote isipokuwa maji. Mistari ya mwisho iliungua majani, na hata zile zilizopona zilinuka mafuta ya taa kiasi kwamba hakuna aliyethubutu kuzipeleka sokoni Uyole.

Jaribio lao la mwisho kabla ya kuja shuleni lilikuwa la sabuni ya mche, iliyokunwa ndani ya maji na kulowekwa pamoja na maua siku kadhaa. Hapo walipata dalili kidogo. Baadhi ya wadudu walidondoka, ila hawakutosha kuokoa shamba.

Walipofika ofisini, mwenyekiti alikuwa amekata tamaa. "Mwalimu, tunadhani maua yamekufa kwa ile mvua. Maji yake hata sisimizi hashtuki." Mama aliyefuatana naye, mweka hazina wa kikundi, akamkatiza kwa adabu: "Lakini mwenyekiti, pale jalalani tulipomwaga machicha ya siku ya kwanza, nzi walikuwa wamelala chini. Mimi nimewaona."

Sentensi hiyo ndiyo iliyofungua kisa. Kama machicha yanaua na maji hayaui, basi maua hayajafa. Sumu imekataa kutoka kwenye ua.

## Tuliamua nini, na kwa nini

Tulikubaliana tusipulizie chochote shambani mpaka tujibu maswali mawili kwa mpangilio. Je, maua bado yana sumu? Na kama yanayo, ni kimiminika gani kinaichukua?

Swali la kwanza lilijibiwa kwa unga mkavu. Tulinyunyiza kidogo ndani ya chupa ya kioo, tukaingiza nzi, tukafunika kwa kitambaa. Chupa nyingine ilikuwa na nzi na unga wa mahindi, ili tusije tukasema sumu imeua kumbe ni vumbi au kukosa hewa. Nzi wa chupa ya pareto walianguka, na wale wa unga wa mahindi waliendelea kuruka. Mvua ilikuwa imepunguza ubora, haikuua maua.

Kwa swali la pili tuliloweka kiasi kilekile cha maua kwenye maji baridi, kwenye maji ya moto na kwenye spiriti. Wanafunzi walitaka tuongeze mafuta ya taa. Nilikataa. Mafuta ya taa huchelewa kukauka, na yenyewe huweza kumuua mdudu kwa kuziba matundu yake ya hewa, kwa hiyo nzi wangekufa na tusingejua nani amewaua. Karatasi zilichovywa katika kila kimiminika, zikakaushwa kivulini mpaka unyevu wote umekwisha, kisha zikawekwa kwenye chupa zenye nzi. Tuliongeza karatasi iliyochovywa kwenye spiriti tupu na kukaushwa. Karatasi hiyo ndiyo shahidi wa jaribio zima, na nawaomba walimu wasiiache kamwe.

Karatasi ya maji ya moto ilikuwa na rangi kali kuliko zote, na nzi walitembea juu yake bila wasiwasi. Ya maji baridi vilevile. Ya spiriti yenye pareto ilikuwa na rangi ya manjano iliyopauka, na nzi waliotua juu yake walianguka. Ya spiriti tupu haikufanya lolote.

Mweka hazina aliitazama karatasi ya maji ya moto na ile ya spiriti yenye pareto kwa muda mrefu. "Kwa hiyo rangi ilikuwa inatudanganya," akasema. Ndiyo. Kilichotia maji rangi ni vitu vingine vya ua, vile vinavyopenda maji, na havina kazi yoyote kwa wadudu mafuta.

## Kwa nini maji yalikataa

Molekuli ya maji ina atomu moja ya oksijeni na mbili za haidrojeni, zilizokaa kwa kona ya nyuzi 104.5. Oksijeni huvuta elektroni kwa nguvu kuliko haidrojeni, hivyo upande wake huwa na chaji hasi kidogo na upande wa haidrojeni huwa na chaji chanya kidogo. Molekuli ya namna hii, yenye ncha hasi na ncha chanya, huitwa polari. Umbo lina uzito mkubwa hapa. Kaboni dayoksaidi nayo ina oksijeni mbili zinazovuta elektroni, lakini zimekaa kwenye mstari ulionyooka, moja kila upande wa kaboni. Mivuto inafutana, na molekuli nzima haina ncha. Kujua vifungo vya atomu pekee hakutoshi, lazima uangalie umbo.

Kwa sababu ya ncha hizo molekuli za maji hushikana zenyewe kwa zenyewe, haidrojeni ya hii ikivutwa na oksijeni ya ile. Sukari huingia kati yao kwa urahisi kwa kuwa ina vikundi vingi vya oksijeni na haidrojeni vinavyoweza kushikana na maji kwa namna hiyohiyo. Molekuli isiyo na kitu cha kushikwa hubaki nje. Wanafunzi wengi huandika kwamba maji "huyafukuza" mafuta. Siyo hivyo. Hakuna kufukuzana. Maji yanashikana kwa nguvu mno, na mafuta hayana cha kutoa kitakachoyafanya yaachiane.

Sasa tazama pairethrini I: kaboni 21, haidrojeni 28, oksijeni 3. Mwanafunzi mmoja aliuliza swali zuri: oksijeni zipo, mbona haiyeyuki? Zipo, lakini ni tatu tu kwenye mwili mrefu wa kaboni na haidrojeni, na hakuna hata moja iliyobeba haidrojeni yake ya kushikana na maji. Kaboni na haidrojeni huvuta elektroni karibu sawa, kwa hiyo sehemu kubwa ya molekuli haina ncha. Pairethrini II ina oksijeni 5, na tofauti inaonekana wazi: kwenye joto la kawaida, lita moja ya maji huyeyusha takriban miligramu 0.2 za ile ya kwanza, na takriban miligramu 9 za ile ya pili. Oksijeni mbili zaidi, na uyeyukaji unapanda mara 45 hivi. Hata hivyo bado ni kidogo mno.

Tulipiga hesabu ubaoni pamoja na kikundi. Kilo moja ya maua yenye 1.5% ina gramu 15 za sumu, yaani miligramu 15,000. Ndoo ya lita 20 haiwezi kuyeyusha zaidi ya miligramu 4 za pairethrini I na 180 za pairethrini II. Jumla haifiki 200. Zaidi ya 98% ya sumu ilibaki kwenye machicha na kwenda jalalani. Kuongeza maua hakusaidii, kwa maana maji yameshajaa kiasi yanachoweza, na kinachoongezeka ni machicha.

Kuchemsha nako hakukubadilisha tabia ya maji. Joto hupunguza upolari wake kiasi, na huko Uporoto maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi kwa sababu ya mwinuko, lakini yanabaki polari sana. Halafu pairethrini yenyewe huharibika kwa joto. Walichopata kidogo walikichoma.

## Mafuta ya taa, sabuni na spiriti

Kijana wa mafuta ya taa alistahili sifa, kwa kuwa kanuni yake ilikuwa sahihi. Mafuta ya taa ni mchanganyiko wa molekuli za kaboni na haidrojeni zisizo na ncha, na pairethrini huyeyuka ndani yake vizuri. Viwandani hutumika heksani, ambayo ni ya ukoo huohuo. Tatizo lilikuwa hatua ya pili. Ndani ya bomba mafuta yalipanda juu ya maji, bomba likavuta kutoka chini, na ndiyo sababu mistari ya kwanza ilipata maji matupu na ya mwisho mafuta matupu. Jani la kabichi limefunikwa na nta. Ukilitazama asubuhi utaona umande umesimama juu yake kama shanga, kwa kuwa nta haina ncha na haishikani na maji. Mafuta ya taa hupenya nta hiyo na kuingia kwenye seli za jani. Kabichi iliungua kwa sababu ileile iliyofanya sumu itoke kwenye ua.

Sabuni ni kitu cha katikati: molekuli yake ina kichwa kinachopenda maji na mkia mrefu unaopenda mafuta. Mikia hukusanyika kuzunguka tone la mafuta, vichwa vikabaki nje majini, na tone likaelea bila kuungana na mengine. Ndiyo maana jaribio la sabuni lilionyesha dalili. Lakini sabuni ya mche ni ya alkali, na pairethrini ni esta, yaani kemikali iliyoundwa kwa asidi na alkoholi kuungana. Alkali huvunja esta taratibu. Kuloweka siku kadhaa kulitoa sumu kwa mkono mmoja na kuiharibu kwa mkono mwingine.

Spiriti ilishinda kwa kuwa ethanoli, alkoholi iliyomo ndani yake, ina kipande kidogo kisicho na ncha na kikundi kimoja cha oksijeni na haidrojeni. Hushikana na pairethrini, na pia huchanganyika na maji kwa kipimo chochote. Mzee mmoja aliuliza kama komoni ingefaa. Haifai: komoni ni maji yenye ethanoli kidogo, na ulanzi vivyo hivyo. Mwingine akataja gongo, na hilo tulilikataa kwa sababu ya sheria na ya usalama. Spiriti yenyewe inashika moto haraka na hainyweki, hivyo kazi ilifanyika nje, mbali na mafiga, na chupa zikaandikwa.

## Matokeo shambani

Maua yaliyotwangwa yalilowekwa kwenye spiriti ndani ya chupa iliyofunikwa, gizani, kisha yakachujwa. Wakati wa kupuliza, na si kabla, kimiminika hicho kilimiminwa kwenye maji yenye sabuni kidogo ya maji ya kuoshea vyombo, isiyo kali kama ya mche. Maji yaligeuka meupe kama maziwa mara moja. Wanakikundi walishtuka wakidhani imeharibika. Kumbe weupe ule ndio habari njema: spiriti imetawanyika majini, pairethrini na nta zimepoteza kiyeyushi chake, zikajitenga kuwa vitone vidogo sana. Sabuni ikavishika visiungane. Walipojaribu bila sabuni, utando wenye kunata ulijipaka kwenye kuta za ndoo.

Tulipuliza jioni, kwa sababu jua huvunja pairethrini ndani ya saa chache na kwa sababu nyuki huwa wamerudi mzingani. Mistari kadhaa ilipulizwa maji yenye spiriti na sabuni tu, kwa kulinganisha. Wadudu mafuta wa mistari ya pareto walianguka usiku uleule. Sabuni ililowesha nta ya jani, na mwili wa mdudu nao una nta, hivyo sumu isiyopenda maji ilijikuta nyumbani.

Asubuhi furaha ilipungua. Pale ambapo dawa ilikuwa hafifu, sehemu ya wadudu walikuwa wameamka. Hiyo ni tabia inayojulikana ya pairethrini: huangusha haraka, na mdudu asiyepata dozi ya kutosha huivunja mwilini mwake na kuinuka. Ilibidi kupuliza tena kwa dawa kali zaidi.

## Kilichofaa na kisichofaa

Uchunguzi wa machicha ulikuwa wa thamani kuliko kifaa chochote nilichokuwa nacho maabara. Ulitoka kwa mtu aliyetazama jalala wakati wengine wanatazama ndoo. Kutenganisha maswali mawili pia kulifaa sana, kwani kikundi kilikuwa karibu kutupa magunia yote kwa kuamini kwamba mvua imeua sumu.

Gharama haikufaa. Spiriti ya kutosha shamba zima la kabichi inazidi bei ya dawa ya dukani, na nilisema hivyo mbele ya kikundi bila kuzunguka. Walikubaliana kuitumia kwenye vitalu tu. Unga mkavu, ambao hauhitaji kiyeyushi chochote kwa kuwa unagusana moja kwa moja na nta ya mdudu, waliujaribu kwenye maharage ya mbegu ghalani, wakiyatenga na yale ya kula. Huko ulifanya kazi nzuri.

Ninachokilaumu zaidi ni jinsi tunavyofundisha. Vijana waliomaliza kidato cha nne walikuwamo ndani ya kikundi kile, na wote waliweza kukariri kwamba kinachofanana huyeyusha kinachofanana. Hakuna hata mmoja aliyeikumbuka kauli hiyo alipokuwa ameshika mwiko jikoni, kwa sababu tuliwafundisha kwa majina ya chupa za maabara. Mwalimu wa nyanda hizi ana pareto, kabichi yenye nta, alizeti na sabuni. Aanzie hapo.

Kikundi kiliuliza kama kinaweza kuuza dawa hiyo kwa jirani. Jibu lilikuwa hapana: kiuatilifu cha kuuza lazima kisajiliwe na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, TPHPA. Waliambiwa pia wasioshe mabomba mtoni, kwa kuwa pairethrini ni sumu kali kwa samaki. Kwa maua ya msimu uliofuata walinunua maturubai ya kufunikia, maana maua makavu kwa mnunuzi yanalipa kuliko spiriti ya kujikamulia.

Magunia yaliyobaki yameingia kwenye jaribio jipya, ambalo safari hii walilipanga wenyewe. Wanaloweka maua kwenye mafuta ya alizeti, yasiyo na ncha, ya bei nafuu kuliko spiriti na laini kwa jani kuliko mafuta ya taa, kisha wanayavunja kwa sabuni ya maji wakati wa kupuliza. Kwenye kona ya shamba wameacha mistari miwili inayopata mafuta na sabuni bila pareto, na mweka hazina ndiye anayeandika daftari.